"Vague" na "ambiguous": ripoti yangu imerudishwa, naombeni ufafanuzi

binti_kondoa

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa Kiingereza, na tafadhali msinitumie tafsiri ya kamusi, kwa sababu kamusi ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nipo kwenye mradi wa maji vijijini huku Dodoma. Kazi yangu kubwa ni visima: pampu ipi inafanya kazi, ipi imekufa, kamati ya maji inakusanyaje pesa, mafundi wamefika au hawajafika. Kila mwisho wa mwezi naandika ripoti kwa Kiingereza, inakwenda makao makuu, na huko kuna msimamizi anayeipitia kabla haijafika kwa wafadhili. Ni mtu mstaarabu, ila ana kalamu nyekundu. Ripoti ya mwezi huu imerudi, na pembeni kaandika "vague" karibu kila ukurasa. Sehemu moja tu kaandika "ambiguous". Hakueleza zaidi.

Kamusi niliyo nayo kwenye "vague" inasema: -siyo dhahiri, -siyo wazi. Kwenye "ambiguous" inasema: -enye utata, -siyo wazi. Nikafungua "obscure", nako ni -siyo wazi. Sasa kama yote matatu ni "siyo wazi", kwa nini huyu bwana anatumia moja hapa na lingine pale? Mwenzangu wa ofisini ananiambia ni sarufi, nibadilishe nyakati za vitenzi. Mimi naona sarufi haina shida.

Alizoandikia "vague" ni kama hizi:

"Some villagers were trained recently."
"The pump has had several problems."
"Stakeholders will be involved in due course."

Aliyoandikia "ambiguous" ni hii:

"The committee told the mechanics that they should buy the pipes."

Halafu kuna hii, ambayo kaweka alama ya kuuliza tu bila neno lolote:

"The water was unclear."

Zote nimezipitisha kwenye programu ya kukagua sarufi, haikulalamika hata moja. Tofauti ni nini jamani?

---

seremala_mbagala

Dada, vague ni mimi hapa. Mteja akiniuliza kitanda chake kitakuwa tayari lini, namwambia "wiki hii hii tu, wala usijali". Sijadanganya, na ukweli sijausema. Wasomi watakuja kukueleza vizuri.

---

Mkalimani wa Zamani

Binti, seremala kakujibu vizuri kuliko anavyodhani. Mimi nimekula ugali wa tafsiri hapa Arusha tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, zaidi ni mikataba na nyaraka za miradi, kwa hiyo maneno hayo mawili nimeyakuta pembeni mwa karatasi nyingi sana, na mengine nimeyaandika mwenyewe.

Kitu ambacho ni vague kimepungukiwa. Kitu ambacho ni ambiguous kimezidiwa. Cha kwanza unakitibu kwa kuongeza, cha pili unakitibu kwa kuchagua. Ndiyo maana msimamizi wako hachanganyi, kila neno linakuagiza kazi yake.

Chukua "some villagers". Huwezi kuniorodheshea maana mbili za maneno hayo. Maana ni moja, ila haina ukingo: wawili? Arobaini? Wa kijiji kipi? Wamefundishwa nini, kutunza pampu au kutunza daftari la michango? "Recently" nayo ni lini, juzi au kabla ya mvua? Msomaji anabaki na maswali ya nani, wangapi, lini, kiasi gani. Ukiona maswali ya aina hiyo yanakujia, hapo pana vague.

Kwenye mabomba haulizi mtu wangapi wala lini. Anauliza: kati ya hawa wawili, ni nani? Kamati inunue, au mafundi wanunue? Kila maana ukiichukua peke yake imekamilika, haina upungufu wowote. Shida ni kwamba zipo mbili na sentensi haikuchagua.

Tena ukiiandika kwa Kiswahili utata unakufa wenyewe. "Kamati iliwaambia mafundi wanunue mabomba", ni mafundi. "Kamati iliwaambia mafundi kwamba itanunua mabomba", ni kamati. Ngeli imeshamaliza kazi. Kiingereza kina "they" moja kwa mafundi, kwa wanakamati, kwa mabomba na hata kwa ng'ombe. Wewe ulipoandika, kichwani mwako *wa-* ilikuwepo, ukaielewa sentensi yako barabara. Ilipovuka kuingia Kiingereza, *wa-* ikabaki ng'ambo.

Kwa wanaopenda asili ya maneno: vague limetoka kwenye Kilatini *vagus*, yaani anayetangatanga. Ndiyo maana madaktari wanaita neva ya kumi ya fuvu *vagus*. Inaanzia kwenye shina la ubongo, inapita shingoni, inafika kifuani, inashuka hadi tumboni, haitulii mahali pamoja. Vagabond, yaani mzururaji, ni wa ukoo huohuo. Ambiguous limetoka kwenye *ambigere*: *ambi* ni pande mbili, huku na huku; *agere* ni kuendesha, kuswaga. Moja halina pa kutua, jingine linaswagwa huku na huku.

Sasa ngoja nikupe kesi ninayoipenda, maana inahusu kuku, na kuku kila mtu anamjua. Mwaka 1957 kampuni moja ya Uswisi iliagiza kuku wa kugandishwa kutoka kwa muuzaji wa New York. Mkataba ulisema ni kuku wa Marekani, wamekaguliwa na serikali, wametolewa utumbo, wa uzito wa aina mbili: wa ratili mbili na nusu hadi tatu, na wa ratili moja na nusu hadi mbili. Mzigo ukafika Ulaya. Waswisi kufungua maboksi ya wale wakubwa, wanakutana na kuku wazee wa kuchemsha. Sisi tungesema kuku wa mayai aliyestaafu, yule unayemweka jikoni saa tatu usiku na saa tano bado anakutazama. Wakaja juu: tuliagiza chicken, na chicken ni kuku mchanga, wa kuoka na kukaanga. Muuzaji naye: nimeleta chicken, kuku ni kuku.

Kesi ikaamuliwa mwaka 1960 na Jaji Henry Friendly. Inaitwa Frigaliment dhidi ya B.N.S., na hadi leo wanafunzi wa sheria Marekani wanafundishwa. Jaji alianza kwa kusema swali lililo mbele yake ni moja, chicken ni nini. Na akasema neno hilo likisimama peke yake ni ambiguous. Sikiliza vizuri, hakusema vague. Hakuna aliyebisha kwamba anayezungumziwa ni ndege mwenye manyoya. Maana zilikuwa mbili, pana ya kuku yeyote na finyu ya kuku mchanga, na kila upande umeshika ya kwake.

Kwa hiyo kazi ya jaji ikawa kuchagua. Akapekua telegramu, ambazo sehemu kubwa ziliandikwa kwa Kijerumani ila neno chicken likaachwa kwa Kiingereza. Akasikiliza wafanyabiashara wa kuku, akaangalia kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, akaangalia na bei, na hapo ndipo nilipompenda huyu mzee. Kuku wakubwa walikubaliwa kwa senti 33 kwa ratili. Kuku wachanga wa uzito ule sokoni walikuwa senti 35 hadi 37. Mfanyabiashara gani anaingia mkataba akijua anakula hasara? Waswisi ndio waliodai maana finyu, wakashindwa kuithibitisha, kesi ikawaendea vibaya.

Sasa fikiria mkataba huohuo ungesema "kuku wa kutosha, wa ukubwa wa wastani, waletwe mapema". Huo ungekuwa vague kuanzia kishungi hadi kucha. Hapo jaji hana maana mbili za kupima, anatafuta mkataba wenyewe uko wapi.

Turudi kwako. "Several problems" ni zipi? Mpira wa ndani umelika? Vyuma vya kuvutia vimekatika? Mwizi kaondoka na mkono wa pampu? Andika hicho kilichotokea. Na ile ya "stakeholders" ndiyo baba yao. Kwa Kiswahili ni "wadau watashirikishwa kwa wakati muafaka", tumeisikia mikutanoni mpaka masikio hayashtuki tena. Haina mtu, haina siku, haina kazi. Kama hujui nani atashirikishwa na lini, ifute.

---

Mwl. wa Kakamega

Mzee Mkalimani, hongera kwa maelezo. Mimi hufunza Kiswahili huku Kakamega, na jambo hili hutokea katika mitihani yetu kila mara chini ya kichwa cha sentensi tata. "Mama alimpigia mtoto mpira": aliupiga mpira ukamwendea mtoto, au alipiga mpira kwa niaba ya mtoto. "Nimemwandikia mwalimu barua": barua inamwendea mwalimu, au mwalimu aliniomba nimsaidie kuandika. Ni kauli ya kutendea inayoleta balaa. Na maneno nayo yapo: paa, kaa, mbuzi. Mtu wa Pwani akisema kanunua mbuzi, uliza kwanza kama ni wa supu au wa kukunia nazi.

Lakini nakupinga kidogo kuhusu ngeli. "Asha alimwambia Rehema kwamba amechaguliwa." Nani kachaguliwa? Wote ni *a-*. Hapo Kiswahili na Kiingereza wanazama pamoja.

Kwa hiyo ambiguous lina neno lake kwetu: tata. Kwa vague sina neno moja linaloziba pengo lote. Zipo "si bayana", "maneno ya jumla", "juujuu". Mimi kwenye insha za wanafunzi, palipo na utata huandika "maana ipi?", na palipo na maneno ya hewani huandika "fafanua". Naona msimamizi wa huyu dada anafanya hivyohivyo kwa kalamu yake.

---

Mkalimani wa Zamani

Mwalimu, kwa Asha na Rehema sina ubishi. Ngeli inasaidia pale tu wahusika wanapokuwa wa ngeli tofauti. Na hiyo ya "fafanua" na "maana ipi?" naichukua, nitawafundishia vijana wangu.

---

tandale_one

Swali la kijinga wakuu: linatamkwaje? Mimi miaka yote nasema "vagu".

---

Mwl. wa Kakamega

"Veig", silabi moja. Ile -ue ya mwisho ni bubu, kama kwenye league ya mpira. Ukisema "veigi" kwa ulimi wetu, hakuna atakayekuita polisi.

---

sheria_nrb

Niongeze la kwetu. Kenya ilikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kilimfanya mkosaji mtu yeyote aliyetumia mtambo wa mawasiliano kutuma ujumbe wenye kuchukiza mno, au wa aibu, au wa matusi, au wa kutisha. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mtu mmoja akashtakiwa kwa alichoandika Facebook, naye akaenda Mahakama Kuu kupinga kifungu chenyewe. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitangaza kuwa kinakiuka katiba. Tunaisoma kama kesi ya Geoffrey Andare dhidi ya Mwanasheria Mkuu.

Mojawapo ya sababu ni kwamba maneno yale hayakufafanuliwa popote ndani ya sheria. Kinachonichukiza mno mimi, kwako huenda ni utani wa kawaida wa matatu. Polisi atapima kwa hasira ya nani? Na neno la kisheria pale ni vague, wala si ambiguous. Kuchukiza kila mtu anajua ni nini. Kisichojulikana ni mstari umechorwa wapi, na raia anaujua siku anapokamatwa. Sheria ya jinai haitakiwi kuwa hivyo, mtu lazima aweze kujua mapema lipi ni kosa.

Lakini msidhani wanasheria wanaichukia vague siku zote. Kwenye mikataba tunaweka "ndani ya muda unaofaa" kwa makusudi kabisa, kwa sababu ukitaja siku 14 na meli ikachelewa bandarini, umejifunga kamba mwenyewe. Ambiguous ndiyo hatuipendi. Hakimu akiona kifungu kina maana mbili, mara nyingi anakisoma dhidi ya yule aliyekiandika. Kampuni za bima zinalijua hilo vizuri, ulizeni mawakili wao.

---

mpenda_historia

Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Menelik, mfalme wa Ethiopia, na Waitaliano ndio mfano bora wa ambiguous Afrika nzima. Kifungu cha 17 kilileta vita ya Adwa.

---

Mkalimani wa Zamani

Ndugu yangu, kila semina ninayokwenda mtu anautaja, na kila mara nasema hapana. Nakala ya Kiamhara ilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Waitaliano wakashikilia kwamba nakala yao inamlazimu kuitumia, wakaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini yao. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, na Machi 1896 wakakutana Adwa. Sasa niambie utata uko wapi? Ukiisoma nakala ya Kiamhara peke yake huna maswali. Ni nakala mbili zinazopingana. Nyaraka zikigombana, Waingereza wanaziita inconsistent. Ambiguous ni karatasi moja yenye nia mbili.

Ukitaka mfano wa zamani, chukua ule wa meli Peerless. Pamba ya Surat, marobota 125, iliuzwa ifike Liverpool "kwa meli Peerless kutoka Bombay". Kumbe Bombay zilikuwa zinatoka meli mbili zenye jina hilo, moja Oktoba na nyingine Desemba. Mnunuzi alikuwa na ya Oktoba kichwani, muuzaji akaleta pamba kwa ya Desemba. Mwaka 1864 mahakama Uingereza ikampa haki mnunuzi aliyeikataa. Mkataba ule usingeweza kuitwa vague hata kidogo: idadi ipo, mji upo, meli ina jina. Umetaja kila kitu, na bado hujui ni meli ipi.

---

fundi_maji_singida

Wasomi mmesahau maji. Dada wa Kondoa, "the water was unclear" usiiandike kabisa, ndiyo maana jamaa kaweka alama ya kuuliza. Unclear ni ya maelezo, mwandiko, sauti ya simu. Maji ukiongea sema cloudy, ukiandika ripoti sema turbid, na yale ya bwawa ambayo ukitumbukiza mguu huoni vidole ni murky.

Halafu weka namba. Turbidity, yaani kiasi maji yalivyochafuka kwa tope, inapimwa kwa kizio kinachoitwa NTU. Unajaza kichupa cha kioo, unakifuta nje kwa kitambaa hadi alama za vidole ziishe, unakitia kwenye kile kipimo cha mkononi, unasoma. Hapo kwenye kufuta ndipo watu wanapokosea, dole gumba moja linatosha kukuharibia jibu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutia klorini ikiwezekana, kwa sababu vijidudu vinajificha kwenye chembe za tope na klorini haivifikii.

Kama kipimo huna, andika ulichokiona. Rangi ya chai au rangi ya udongo? Yalianza kabla ya mvua au baada? Ukiyaacha kwenye ndoo usiku kucha, tope linatua chini au linabaki linaelea? Linalotua na lisilotua tiba zake ni tofauti, na injinia anayesoma ripoti anataka kujua hilo tu. "Unclear" haimsaidii kitu.

---

binti_kondoa

Jamani asanteni sana, shikamoo mzee Mkalimani, shikamoo mwalimu. Nimeshinda na ripoti leo. Ile ya mafunzo sasa ina idadi ya wanakamati, wanawake wangapi, jina la kijiji na tarehe zote mbili. Ya pampu nimeandika mpira wa ndani umelika na vyuma viwili vimekatika, basi. Ya wadau nimeifuta. Ya maji nimeandika rangi ya udongo, yameanza baada ya mvua, kwenye ndoo yanatua hadi asubuhi. Kipimo nimeomba wilayani.

Mabomba sasa. Ilibidi nipige simu. Mwenyekiti anasema kikao kiliwaagiza mafundi wanunue. Fundi mkuu anasema kamati ilisema itanunua yenyewe, wao wasubiri. Mabomba hayajanunuliwa mpaka leo na kila upande unamshangaa mwenzake. Kwa hiyo nimeandika hivyohivyo, nani anasema nini.

Mzee, hukunijibu kuhusu obscure.

---

Mkalimani wa Zamani

Marahaba binti. Hiyo ya mabomba ni nzuri kuliko kesi zangu zote.

Obscure ni giza, *obscurus* ya Kilatini. Kitu obscure kinaweza kuwa na maana moja tu, tena kamili, ila kimejificha: kifungu cha sheria ya mkoloni ambacho hakuna anayekikumbuka, au njia ya kijijini isiyo kwenye ramani. Angalia mtego huu, watafsiri wengi wanaanguka hapa: "an obscure poet" mara nyingi si mshairi asiyeeleweka. Ni mshairi asiyejulikana. Mashairi yake yanaweza kuwa mepesi kama maji, ila nje ya mtaa wao hakuna aliyeyasikia. Kwa ripoti ya visima sidhani kama utalihitaji.

Utakalolihitaji ni vague ya mtu. "He was vague about the money" haisemi kwamba mtu huyo haeleweki. Inasema alipoulizwa pesa alizungukazunguka. Waingereza wanaitumia kwa adabu pale ambapo sisi tungesema "alikuwa anakwepa". Ukiandika hivyo kuhusu mweka hazina wa kamati, ujue umemshutumu.

---

binti_kondoa

Hapo sasa umenitisha, kwa sababu msimamizi kaniandikia barua pepe hii: "Please send biweekly updates and resubmit the report soon." Nimejipima mwenyewe. "Soon" ni vague, anataka kesho au mwisho wa mwezi? "Biweekly" kamusi inasema mara mbili kwa wiki, na pia kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo hiyo ni ambiguous. Nimepatia? Na namuulizaje bila kuonekana namrudishia kalamu yake nyekundu?

---

Mwl. wa Kakamega

Umepatia zote mbili. Hata wenye lugha yao wanagombania biweekly.

---

Mkalimani wa Zamani

Usimwandikie kwamba barua yake ni vague, kwa sababu niliyokwambia hapo juu. Wala usimwandikie "your email is not clear", ni kweli lakini inakwaruza. Muulize tu kitu chenyewe. Kwa ile yenye maana mbili, mpe unayoitaka wewe, aikubali au aikatae: "By biweekly, do you mean every two weeks?" Umeweka ile yenye kazi ndogo mbele, na wengi hujibu ndiyo. Kwa ile iliyopungukiwa, mwombe kilichopungua: "Which date would you like the report by?" Usitumie "when", atakujibu "as soon as possible" mrudi mlipoanzia.

---

seremala_mbagala

Mzee, wateja wangu wasiisome hiyo ya tarehe.

---

binti_kondoa

Nimetuma kama ulivyosema mzee, na kajibu palepale. Biweekly ni kila baada ya wiki mbili, nimeshukuru Mungu. Ripoti kasema anaitaka "next Friday".

Leo Jumatano. Ni hii ya keshokutwa au ile ya wiki ijayo?